Kiboko Yao: Rekodi za Chuma Kinachovutwa Hadi Kikatike

Kila mwenye duka la vifaa vya ujenzi kati ya Isebania na Mbita atakuambia nondo zake ni ngumu kuliko za jirani. Muulize zilipimwa wapi, zikiwa na joto gani, zikivutwa kwa kasi gani, na mazungumzo yatahamia kwenye bei. Kumbe hapo ndipo habari yote ya chuma ilipo. Kipande kilekile cha feleji, yaani chuma kilichochanganyika na kaboni kidogo, kinaweza kupinda bila ufa mchana wa Homa Bay, kisha kikapasuka kama kioo kwenye bandari yenye theluji. Feleji kali inaweza kushinda jaribio la dakika mbili na kushindwa na mzigo mdogo zaidi ulioachwa juu yake wiki mbili.

Hawa hapa ndio mabingwa wa fani hiyo, wa nyumbani na wa mbali: wakongwe, wakali, wepesi, wavumilivu. Kila rekodi inakuja na masharti yake, kwa sababu rekodi ya chuma isiyotaja masharti ni majigambo tu.

Kipimo kimoja tu kitatuandama. Maabara hutumia megapaskali, na megapaskali 10 ni sawa na kama kilo moja kwenye kila milimita mraba. Nondo ya daraja la 500 huvumilia kilo 50 hivi kwa milimita mraba kabla ya kunyooka moja kwa moja bila kurudi. Nondo ya milimita 12 ina eneo la milimita mraba 113, kwa hiyo hufika hapo ikiwa imening'iniza zaidi ya tani tano na nusu.

Wapimaji wa kwanza: Nyayanga na Kanjera

Kabla ya chuma lilikuwapo jiwe, na elimu ya namna vitu vinavyovunjika ilianza nalo. Nyayanga, kwenye rasi ya Homa katika Kaunti ya Homa Bay, ndiko zilikopatikana zana za mawe za ufundi uitwao Oldowan kongwe kuliko zote zinazojulikana, za kati ya miaka milioni 2.6 na milioni 3 iliyopita. Habari hiyo ilitangazwa mwaka 2023 na watafiti walioongozwa na Thomas Plummer wa Queens College, New York, wakishirikiana na Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Zipo zana kongwe zaidi Lomekwi, Turkana, za miaka milioni 3.3, ila hizo ni za ufundi mwingine.

Mwaka 2025 Nyayanga ikaongeza rekodi ya pili. Baadhi ya mawe yake yalikuwa yamebebwa hadi kilomita 13, na hakuna ushahidi wa zamani zaidi wa viumbe kusafirisha mawe ya kazi mbali hivyo. Kwa nini wahangaike, na mawe yalikuwa tele miguuni mwao? Jibu liko Kanjera Kusini, kwenye rasi hiyohiyo, penye zana za miaka milioni 2. Watafiti waliyalinganisha mawe ya mbali na ya jirani, wakakuta kwamba yale ya mbali yalihifadhi makali muda mrefu zaidi. Wachongaji hao hawakuwa na mashine wala kitabu. Walipiga, wakaona jiwe lipi linakwanyuka kwa mpangilio na lipi linasambaratika, wakaenda kulitafuta lile zuri. Upimaji wa vifaa, kwa maana hiyo, ni kazi ya zamani sana Homa Bay.

Feleji kongwe ya ukanda wa ziwa

Heshima hii iko ng'ambo ya magharibi ya ziwa, Kagera. Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha katika jarida la Science matokeo ya kazi yao Buhaya. Tanuri za kale za huko, za takriban miaka 1,500 hadi 2,000 iliyopita, zilitoa feleji. Wazee wa Kihaya waliokuwa wakiikumbuka kazi hiyo walijenga tanuri upya mbele ya watafiti, na hao wakakadiria kuwa joto ndani yake lilipita nyuzi 1,800. Wanaakiolojia wengine wamebishana juu ya namna joto hilo lilivyopatikana. Juu ya feleji yenyewe hakuna ubishi mkubwa.

Upande wetu wa ziwa tuna Thimlich Ohinga, ndani ya Kaunti ya Migori: kuta za mawe zilizopangwa bila udongo wala saruji, zilizoingia katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2018. Wageni hupiga picha za kuta, lakini wakazi wake walikuwa pia na kazi ya uhunzi.

Kipimajoto cha bei nafuu kuliko vyote: rangi ya tindo

Kwenye machimbo ya dhahabu ya Nyatike, eneo la Macalder na Osiri, silaha ya mchimbaji ni nyundo na tindo. Tindo likifika butu kwa mhunzi, anaitia ncha motoni hadi iwe nyekundu, kisha anaichovya majini. Ncha sasa ni ngumu kupita kiasi. Ukiipiga kwenye mwamba ikiwa hivyo, itameguka kwa pigo la kwanza.

Kwa hiyo mhunzi hamalizii hapo. Anasugua ncha kwa mchanga au jiwe la kunolea hadi ing'ae, halafu anatulia na kutazama. Joto lililobaki katikati ya tindo linatembea kuelekea ncha, na rangi zinaandamana nalo juu ya ule mng'ao. Manjano ya majani makavu yakitokea, ncha imefika nyuzi 230 hivi. Zambarau ikitokea ni kama 280. Buluu ni 300. Anapoona rangi anayoitaka anachovya tena, safari hii kwa kusudi la kuizuia isiendelee. Ncha imepoteza ugumu kidogo na kupata uvumilivu mwingi.

Kichwa cha tindo anakiacha laini kwa makusudi. Hata hivyo kila pigo la nyundo hukipanua na kukikaza, hadi ukingo wake unakunjika na kuwa mgumu. Ukingo huo ndio unaorusha vipande vinavyoingia machoni mwa wachimbaji. Dawa yake ni kuusaga kila unapoanza kukunjika. Urefu wa kiganja kimoja, feleji moja, na tabia tatu tofauti: tofauti hiyo imeletwa na joto na vipigo, si na madini.

Waya uliokazwa kuliko wote nyumbani: gitaa la benga

Ukanda huu ni wa benga. D.O. Misiani, aliyeipeleka bendi yake ya Shirati Jazz katika kila redio ya Afrika Mashariki, alizaliwa Shirati, ng'ambo kidogo ya mpaka wa Migori. Wapenzi wa muziki huo huzungumzia vidole vya mpiga solo. Mhandisi angeuzungumzia waya.

Waya mwembamba kuliko zote kwenye gitaa la umeme una kipenyo cha robo milimita hivi. Ukikazwa hadi sauti yake ya kawaida hubeba kilo 7 na ushee. Zinasikika chache, lakini zigawe kwa eneo la waya: ni karibu kilo 145 kwa kila milimita mraba, takriban mara tatu ya kile kinachoishinda nondo. Waya huo unaishi hivyo usiku kucha, tena ukichapwa kila sekunde.

Nguvu hiyo imetoka wapi? Kiwandani waya huvutwa kupitia matundu yanayozidi kuwa madogo, na kila tundu huupunguza unene na kuusogeza muundo wake wa ndani ukabanana zaidi. Ndiyo maana waya mwembamba ni mkali kuliko fimbo ya feleji ileile. Angalia pia unapokatikia. Mara nyingi ni kwenye daraja la gitaa au karibu na kifungio, pale unapopinda au kukwaruzwa, mahali ambapo jasho limeleta kutu. Maabara huuvuta waya ukiwa umenyooka, mkavu na safi. Mwanamuziki anautumia ukiwa umepinda na umelowa. Haya ni majaribio mawili tofauti, na majibu yake si lazima yafanane.

Feleji kali kuliko zote

Mwaka 2014 kundi la Düsseldorf, Ujerumani, wakiwemo Yujiao Li na Dierk Raabe, lilitangaza waya wa feleji uliofikia nguvu ya karibu gigapaskali 7, yaani kilo 700 kwa kila milimita mraba. Waliupata kwa njia ileile ya waya wa gitaa, ila waliendelea kuuvuta mbali zaidi, hadi chembe zake za ndani zikawa ndogo kuliko kitu chochote ambacho hadubini ya kawaida ingeweza kuonyesha.

Chuma kitupu kina rekodi ya juu zaidi, nayo ni ya zamani. Mwaka 1956 S. S. Brenner alivuta sindano za chuma zilizokuzwa maabara, nyembamba kuliko unywele mara arobaini hivi, na kupata kama gigapaskali 13. Sharti lake liko kwenye ule wembamba. Kipande kidogo kiasi hicho kinaweza kukosa kabisa kasoro ya ndani. Kipande kikubwa hakiwezi, na chuma hukatika penye kasoro. Kwa hiyo ukisikia feleji fulani imevunja rekodi, swali la kwanza ni ukubwa wa kipande kilichovutwa.

Daraja lililotundikwa refu kuliko yote

Wakazi wa Rusinga wanajua thamani ya kuvuka. Tuta la miaka ya 1980 liliunganisha kisiwa na Mbita lakini likaziba mkondo wa maji, na baadaye likafunguliwa kwa daraja. Rekodi ya dunia ya madaraja ya kutundikwa iko Uturuki: Daraja la 1915 Çanakkale, lililofunguliwa Machi 2022, lenye mita 2,023 kati ya minara yake miwili. Lilipita lile la Akashi Kaikyō la Japani, lenye mita 1,991, lililoshikilia taji tangu 1998.

Waya za Akashi zilikuwa na nguvu ya kilo 180 hivi kwa milimita mraba, na za Çanakkale kilo 200 hivi. Ndiyo kusema waya wa gitaa ulio dukani Homa Bay, ambao kwa kawaida hukatikia kwenye kilo zaidi ya 200, unazipita zote mbili. Mjenzi wa daraja hafukuzii rekodi hiyo, maana anahitaji feleji itakayostahimili chumvi, upepo na miaka mia, na kila kilo ya nguvu anayoiongeza inapunguza uvumilivu mahali pengine.

Ajali maarufu kuliko zote za baridi

Tarehe 16 Januari 1943 meli ya mafuta Schenectady ilikuwa imetulia gatini Portland, Oregon, imekamilika, haina dhoruba wala mzigo wa ajabu. Usiku huo wa baridi kali ilipasuka kuanzia sitaha hadi karibu na chini kabisa. Jaribio la kuvutwa peke yake lisingeweza kuionyesha hatari hiyo. Hakuna aliyekuwa ameuliza feleji yake inafanyaje ikiwa baridi na ina mkato.

Swali hilo huulizwa kwa nyundo inayobembea, iliyopewa jina la Mfaransa Georges Charpy aliyeieleza mwaka 1901. Kipande cha feleji cha urefu wa milimita 55, chenye mkato katikati, hupigwa mara moja, na mashine husoma nishati iliyotumika kukivunja. Hupozwa, hupigwa tena. Hupashwa, hupigwa tena. Kila feleji ya aina hii ina ukanda wa joto ambapo tabia yake hubadilika kutoka kuchanika polepole na kuwa kupasuka kwa ghafla.

Feleji ya Titanic, iliyozama mwaka 1912 katika maji ya nyuzi kama 2 chini ya sifuri, ilipimwa hivyo katika miaka ya 1990. Ukanda wake wa mabadiliko ulikuwa nyuzi 32 kwa mwelekeo mmoja wa bamba na 56 kwa mwelekeo mwingine. Feleji ya kawaida ya siku hizi iliyopimwa pamoja nayo ilibadilika kwenye nyuzi 27 chini ya sifuri. Zisome namba hizo ukiwa Homa Bay: Titanic isingepona kipimo cha Charpy hata hapa ziwani saa sita mchana.

Usiharakishe lakini kuitupia feleji lawama zote. Nyundo ya Charpy ni pigo la ghafla kwenye mkato mkali, na feleji hiyohiyo ikipindwa taratibu huwa na uvumilivu zaidi. Tim Foecke wa taasisi ya vipimo ya Marekani, NIST, alielekeza macho kwenye ribiti za meli, ambazo nyingine zilijaa takataka za tanuri. Vyombo vya kwetu vina bahati ya mahali. Tangu William Mackinnon, meli ya mvuke iliyoletwa vipandevipande kutoka Uskoti na kuteremshwa majini Kisumu mwaka 1900, hakuna bamba lililowahi kukutana na barafu kwenye ziwa letu.

Jaribio la kasi kuliko yote

Mashine ya kawaida ya kuvuta huchukua kama sekunde 100 kurefusha kipande kwa asilimia 10. Lori la miwa likigonga nguzo, feleji yake haina sekunde 100.

John Hopkinson, Mwingereza, alianza kulishughulikia jambo hili mwaka 1872 kwa kuangusha uzito ili ukaze waya kwa ghafla. Mwanawe Bertram aliendeleza kazi hiyo mwaka 1914, na mwaka 1949 Herbert Kolsky akaipa mashine umbo linalotumika hadi leo: fimbo mbili ndefu, kipande kidogo katikati, na pigo linalosafiri ndani ya fimbo kwa mwendo wa sauti. Kwa mashine hiyo mabadiliko ya asilimia 10 ya urefu hupatikana kwa sehemu moja ya elfu kumi ya sekunde.

Matokeo yake huwashangaza wengi. Feleji laini ikipigwa haraka huwa ngumu zaidi, pengine maradufu. Feleji kali huongezeka kidogo tu, kwa sababu sehemu kubwa ya ugumu wake haitegemei kasi. Tena kukiwa na haraka kiasi hicho, joto linalozaliwa ndani halipati nafasi ya kutoka. Linakusanyika kwenye utepe mwembamba, linaulainisha utepe huo, na kipande kinakatika hapohapo kabla sehemu nyingine hazijachoka. Anayechukua namba za jaribio la polepole na kuzitumia kwenye ajali ya gari amebahatisha.

Jaribio la polepole lenye hila kuliko yote

Ungetarajia kwamba kuvuta taratibu ni kukionea chuma huruma. Kwa feleji kali yenye hidrojeni ndani yake ni kinyume. Mwaka 1875 William H. Johnson aliieleza Jumuiya ya Kifalme ya London kwamba chuma na feleji zilizochovywa kwenye asidi huwa rahisi kuvunjika kwa muda, kisha hali hiyo hupungua zikiachwa. Mkosaji ni hidrojeni, atomu ndogo sana, inayojipenyeza na kutembea kuelekea mahali palipokazwa zaidi. Inahitaji muda wa kusafiri. Ukivuta haraka, unamaliza kabla haijafika, na cheti kinatoka safi. Maabara zinazoiwinda hidrojeni huvuta kwa kasi ndogo mno, hivi kwamba asilimia 10 ya urefu inaweza kuchukua zaidi ya saa 27.

Mfano unaojulikana kuliko yote ni wa San Francisco. Machi 2013, boliti ndefu za daraja jipya la Bay Bridge, zenye unene wa zaidi ya sentimita 7 na zilizopakwa zinki, zilikazwa. Ndani ya wiki mbili 32 kati ya 96 zilikuwa zimekatika. Zilikuwa zimetoka kiwandani na nguvu iliyotakiwa, na zikakaa miaka kadhaa katika mashimo yaliyokusanya maji. Mzigo uliozikata ulikuwa chini ya ule zilizoushinda kwenye jaribio la haraka.

Somo hili linamhusu hata fundi wa pikipiki Rongo. Tazama kichwa cha boliti: 8.8, 10.9, 12.9. Namba ya kwanza ukiizidisha kwa kumi inakupa kilo kwa milimita mraba. Boliti ya 12.9 ndiyo kali, na ndiyo inayodhuriwa zaidi na hidrojeni. Kuisafisha kutu kwa asidi ya betri ni kuitia sumu, ijapokuwa itang'aa.

Mizunguko mingi kuliko yote

Kiwanda cha Sony Sugar cha Awendo kilianza kusaga miwa mwaka 1979. Roli za kinu cha miwa huzunguka polepole, mara nne hadi sita kwa dakika, na kila mzunguko shafti huvutwa upande mmoja na kubanwa upande mwingine. Kwa mizunguko mitano kwa dakika, mizunguko milioni moja huchukua miezi minne na nusu ya kusaga usiku na mchana.

August Wöhler, mhandisi wa reli wa Ujerumani, ndiye aliyeonyesha katikati ya karne ya 19 kwamba mzigo mdogo ukirudiwa vya kutosha hukata ekseli ambayo mzigo mkubwa wa mara moja haukuiweza. Huu ndio uchovu wa metali. Kwa muda mrefu iliaminika kwamba feleji iliyopita mizunguko milioni kumi imeokoka. Mfaransa Claude Bathias na wenzake walitumia mashine inayotikisa kipande mara 20,000 kwa sekunde, ambayo humaliza mizunguko bilioni moja kwa saa 14 hivi, kazi ambayo mashine ya mara 100 kwa sekunde ingeifanya kwa siku 116 hivi. Wakakuta feleji kali zikikatika hata baada ya milioni kumi, na ufa ukianzia ndani, kwenye punje ya uchafu, mahali jicho la mkaguzi lisipofika.

Mashine ya kasi nayo ina masharti yake. Kipande hupata joto na lazima kipozwe, na maabara ni kavu. Shafti ya kinu huoga maji ya miwa yenye asidi kidogo. Kutu na uchovu vikishirikiana, hakuna mzigo mdogo unaobaki salama.

Uchovu una saini yake, na yeyote anaweza kuisoma kwenye springi ya trela iliyokatika barabara ya A1. Tafuta sehemu laini yenye mistari ya mviringo inayopanuka kutoka ukingoni, mfano wa alama za maji kwenye mchanga wa ufuo. Hiyo ni miezi ya ufa kutembea. Sehemu iliyobaki, yenye chengachenga zinazong'aa, ndiyo siku ya mwisho. Kama sehemu laini ni kubwa, springi ilikuwa ikitoa taarifa kwa muda mrefu na hakuna aliyeikagua.

Jaribio refu kuliko yote

Juni 1969 watafiti wa Japani walitundika mzigo kwenye kipande cha feleji ya kaboni, wakakipasha hadi nyuzi 400, wakaanza kuhesabu. Februari 2011 jaribio hilo, likiwa mikononi mwa taasisi ya NIMS, lilivunja rekodi ya Wajerumani ya saa 356,463. Hiyo ni zaidi ya miaka 40 ya kutazama chuma kikirefuka pole pole bila kuongezewa mzigo. Mabomba ya mvuke ya vituo vya umeme huishi maisha hayohayo, na hakuna jaribio la dakika mbili linaloweza kusema yatakuwaje mwaka wa thelathini.

Inayonyumbuka kuliko zote

Mwanzoni mwa karne hii Georg Frommeyer na wenzake wa Düsseldorf walieleza feleji yenye manganizi nyingi iliyorefuka kwa zaidi ya asilimia 90 kabla ya kukatika, katika joto la kawaida la chumbani. Nondo ya dukani hukatika mapema zaidi. Walichofanya vizuri zaidi ni kuipima kwenye baridi, kwenye joto, taratibu na kwa pigo, badala ya kuchagua siku yake nzuri tu.

Percy Bridgman wa Harvard, aliyepata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1946, aligundua njia nyingine. Alivuta feleji huku akiibana pande zote kwa kanieneo ya maelfu ya mara ya ile ya hewa. Vipande vilivyokuwa vikikatika mapema vikarefuka mno, kwa kuwa vitundu vidogo vinavyozaa ufa vilikosa nafasi ya kufunguka. Kinyume chake ndicho mkato: huivuta feleji pande zote kwa pamoja na kuikatisha kabla haijanyooka.

Mashine kubwa

Mzee wa fani ni mashine ya David Kirkaldy ya mwaka 1865, yenye urefu wa zaidi ya mita 14 na uzito wa tani 116, ambayo bado iko kwenye jengo lake la Southwark Street, London. Ndiyo iliyopima vyuma vya daraja la Tay baada ya kuanguka na treni Desemba 1879. Kwa ukubwa wa nguvu, ile ya NIST huko Gaithersburg, Maryland, huweza kusukuma kama tani 5,400. Kenya inayo idara ya serikali ya kupima vifaa katika Eneo la Viwandani, Nairobi, pamoja na maabara za KEBS, na nondo ya milimita 12 haihitaji zaidi ya tani kumi kukatwa. Mashine haijawahi kuwa tatizo letu.

Hukumu

Katika orodha hii yote hakuna feleji iliyoshinda kila mahali. Iliyo kali kuliko zote ni nyembamba mno, inayonyumbuka kuliko zote si kali kuliko zote, na iliyotulia gatini ilipasuka kwa baridi. Cheti cha chuma ni jibu la swali moja lililoulizwa siku moja kwenye joto moja. Anayejenga Migori au Homa Bay na aulize maswali yanayobaki.

Nunua nondo ukiwa na mizani. Ya mita 12 yenye kipenyo cha milimita 8 iwe na kilo 4.7 hivi, ya 10 kilo 7.4, ya 12 kilo 10.7, ya 16 kilo 19. Upungufu wa asilimia chache unaruhusiwa. Ikipungua sana, umeuziwa hewa. Omba cheti cha shehena hiyo, chenye nguvu ya kuanza kunyooka, nguvu ya kukatika na urefu ulioongezeka, na uhakikishe namba ya pili inaizidi ya kwanza kwa asilimia 8 au zaidi. Fundi akiipinda nondo vibaya, asiinyooshe na kuipinda tena palepale, wala asiipashe moto ili ilainike, kwa sababu ngozi ngumu iliyotengenezwa kiwandani itapotea na haitarudi. Hiyo moja aikate, aitumie kwingine, na achukue nyingine.

Nondo mpya ni bei ya mifuko michache ya saruji. Nguzo ikishamwagiwa zege, hakuna anayeweza tena kuipima nondo iliyomo.